Cheti cha ndoa, Hispania na huo muhuri wa apostili

Kutoka: Mama Saida, Leicester
Kuhusu: Apostili ya cheti cha ndoa cha Tanzania, MSAADA

Hamjambo wote, na samahanini kwa barua ndefu.

Jana nimerudishwa kwenye kile kituo cha kupokelea maombi ya viza na faili langu lote kwapani, na mpaka sasa kichwa kinanigonga. Wanaotujua wanajua kwamba Baba Saida na mimi tunataka kuhamia Hispania, upande wa Almería. Miaka ishirini na mbili kwenye usukani wa basi imemmaliza magoti. Ikifika Novemba ngazi za humu ndani anazishuka kwa makalio, ngazi moja moja, kama mtoto. Ameshastaafu, ana pensheni ya serikali na ya kazini, kwa hiyo tumeshika njia ya NLV, ile viza ya kuishi Hispania bila kufanya kazi. Yeye mwombaji mkuu, mimi tegemezi. Sote tuna ILR (ruhusa ya kuishi Uingereza bila kikomo) na pasipoti za Tanzania.

Nilikuwa na kila kitu. Fomu ya maombi EX-01, ada ya fomu 790-052 imelipiwa, cheti cha polisi cha ACRO na apostili yake (ule muhuri wa kuifanya hati ikubalike nchi nyingine), barua ya daktari yenye maneno yale ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, bima. Dada wa dirishani anapitisha kalamu: tiki, tiki, tiki. Akafika kwenye cheti cha ndoa, kalamu ikasimama. Cheti chenyewe kimelala kwenye bati la biskuti tangu 1994, kimekunjwa mara nne, na mkunjo umepita juu ya mwaka, ile tisa ya pili ukiitazama haraka ni saba. Akakigeuza nyuma. Nyuma hakuna kitu. Akaniuliza apostili iko wapi. Nikamwambia Tanzania haitoi apostili. Akasema kila nchi inatoa. Kila nchi! Akanipa karatasi ya njano yenye alama moja tu, "hati haijakamilika", akaita namba inayofuata.

Swali langu ni moja. Kuna aliyepita na cheti cha ndoa cha nyumbani kwenye NLV? Mihuri uligongesha wapi, na je, ni lazima nifunge safari ya Dar mwenyewe? ACRO inazidi kuzeeka hapa mezani.

Mama Saida

---

Kutoka: Mzee wa Croydon

Pole sana shemeji. Mbona jambo jepesi hilo. Tuma cheti Milton Keynes, ofisi ya kuhalalisha hati ya Wizara ya Mambo ya Nje ya hapa hapa. Shahada yangu niliituma, ikarudi na apostili yake imebandikwa safi. Msipende kulia kabla ya kupigwa.

---

Kutoka: Baraka, Alicante

Mzee wangu, shikamoo, na kwa heshima zote, usimpoteze mama wa watu. Milton Keynes wanagonga hati za Uingereza PEKE YAKE. Shahada yako ni ya chuo cha London, ndiyo maana ilipita. Akituma cheti cha Tanga atarudishiwa, na posta atakuwa ameshalipa.

Mama Saida, shikamoo. Dada wa dirishani kakosea, wewe uko sahihi. Mkataba wa Apostili ni wa 1961, na Tanzania, Kenya na Uganda hazimo. Jirani zetu Burundi wameanza kuutumia 2015, Rwanda 2024. Sisi wengine tunazunguka njia ya zamani: RITA, wale wa usajili wa vizazi na ndoa nyumbani, wathibitishe cheti, Wizara ya Mambo ya Nje ya kwetu wagonge, halafu ubalozi wa Hispania Dar wagonge juu ya muhuri wa Wizara. Tafsiri ya Kihispania ya mfasiri aliyeapishwa iwe ya MWISHO. Mihuri nayo inatafsiriwa. Mimi nilitanguliza tafsiri, nikalipa mara mbili.

Na angalieni majina. Baba yangu kwenye cheti cha kuzaliwa ni Hemedi, kwenye pasipoti yangu ni Hamed. Kwetu huyo ni mtu mmoja, huku ni watu wawili. Ilibidi nile kiapo kwa mwanasheria kwamba baba yangu ni baba yangu. Tena Wahispania wana majina mawili ya ukoo, kwa hiyo jina la baba yako wataligeuza la ukoo wa kwanza na la babu la pili. Benki wananiita Señor Hamed mpaka leo. Marehemu baba angecheka.

Kuhusu hela, maana najua swali linakuja: mwombaji mkuu ni 400% ya IPREM, kile kipimo cha mapato cha serikali ya Hispania. IPREM ni euro 600 kwa mwezi, kwa hiyo 2,400. Tegemezi anaongeza 100%, yaani 600. Nyinyi wawili ni 3,000 kwa mwezi, 36,000 kwa mwaka. Na bima isiwe na copago, ile ya kuchangia kila ukienda kwa daktari. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa nayo, imeandikwa ukurasa wa 14 kwa herufi za sisimizi. Wakala aliyeniuzia alishaacha kupokea simu.

---

Kutoka: Mama Kui, Reading

Wambui alipotaka kwenda Málaga nilimwambia na leo nawaambia: shida yenu Watanzania ni hiyo pasipoti moja. Sisi tangu Katiba ya 2010 unachukua ya Uingereza na ya Kenya unabaki nayo. Kwisha maneno. Chukueni ya hapa mwende zenu.

---

Kutoka: Shangazi Mwana, Birmingham

Mama Kui, kwenda zetu wapi? Hapo Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya ulikuwa umelala? Mimi nina ya Uingereza, ya Tanzania niliirudisha kwa machozi, na Hispania napata siku 90 katika 180 kama mtalii mwingine yeyote. Nikitaka kuishi naomba NLV ile ile, kwa IPREM ile ile. Tofauti yangu na Mama Saida ni kwamba mimi siombi Schengen kwenda kutazama nyumba. Yeye na ILR yake anaiomba hata kwa wikiendi.

---

Kutoka: Mama Kui, Reading

Sikulala. Nilisema pasipoti inapunguza usumbufu, sikusema inaondoa. Someni kabla ya kujibu.

---

Kutoka: Mzee wa Croydon

Nimekubali kusahihishwa, ingawa kijana angeweza kunipigia simu badala ya kunianika mbele ya watu.

Nina la maana zaidi. Shemeji, mnajua mkikaa nje ya Uingereza miaka mitano ILR inakufa?

---

Kutoka: Baraka, Alicante

> miaka mitano

MIWILI, mzee. Miaka miwili mfululizo nje na ILR imekwisha yenyewe. Mitano ni Settled Status ya watu wa Ulaya na familia zao. Hapo tena nimekuanika, nisamehe, lakini mtu akisoma "mitano" akaamini atakwama uwanja wa ndege na mifuko yake.

Mama Saida, hili lipigieni hesabu vizuri. Kadi ya kwanza ya ukaazi wa Hispania (TIE) ni mwaka mmoja, halafu unaihuisha. Ukikaa Almería moja kwa moja, ILR itakufa kabla hujafikisha ukaazi wa kudumu wa huku, ambao ni miaka mitano. Hapo katikati unaning'inia. Na uraia wa Hispania ni miaka kumi, labda uwe umetoka Guinea ya Ikweta, wao wanaomba baada ya miwili kwa sababu walitawaliwa na hawa. Sisi tulitawaliwa na watu wasio sahihi.

---

Kutoka: Shangazi Mwana, Birmingham

Hiyo sentensi ya mwisho Baraka ifute. Hakuna mtawala sahihi.

---

Kutoka: Bwana Tanga, Birmingham

Nasoma hapa najiuliza, hivi nyie mna akili? Mtu wa Tanga anatafuta joto Hispania! Joto la Tanga halidai EX-01. Halina IPREM. Unaamka, unafungua dirisha, limeshaingia. Baba Saida nimesoma naye, magoti yake yalizoea baiskeli kutoka Chumbageni mpaka Raskazone na kurudi, mchanga na jua, hakuna aliyemsikia akilia goti. Juzi nimeota niko pale ufukweni saa kumi na moja jioni, maji yametoka, vibao vya ngalawa vinalia kwa upepo. Nimeamka nasikia radieta inagonga. Nimekaa kitandani mpaka mke wangu akauliza kuna msiba.

Rudini nyumbani. Serikali yenyewe imekuwa ikizungumza habari za hadhi maalum kwa diaspora.

---

Kutoka: Mama Saida, Leicester

Bwana Tanga, asante, umeniliza bure asubuhi.

Hadhi maalum ni ya waliochukua uraia wa nje, sisi bado ni raia, hatuna haja nayo. Shida yetu si karatasi za kwetu. Baba Saida ana kliniki ya moyo kila miezi mitatu, na wajukuu wako Leicester. Kutoka Almería nikipigiwa simu usiku, kesho mchana nimewapakata. Kutoka Tanga nitafika kwenye arobaini.

Jamani, cheti.

---

Kutoka: Mama Kui, Reading

Kura je? Sisi Wakenya wa Uingereza 2022 tulipiga kura hapa hapa London. Nyie mnaitwa diaspora siku ya kuombwa fedha za kutuma tu.

---

Kutoka: Bwana Tanga, Birmingham

Hapo Mama Kui ametupiga na hatuna jibu. Uraia pacha tumeupigia kelele kwenye Bunge la Katiba la 2014, tumetuma wawakilishi, tumevaa suti. Tukaambiwa hadhi. Mtoto anaitwa mgeni kwenye nyumba aliyozaliwa.

---

Kutoka: Baraka, Alicante

Naomba turudi kwenye mada kabla hatujafika kwenye Muungano.

Wanaowaza joto waniamini mimi niliyeko. Nje, ndiyo, jua. Ndani ya nyumba mwezi Januari ni hadithi nyingine. Nyumba nyingi za ukanda huu hazina mfumo wa joto kama wa Uingereza, sakafu ni vigae, kuta zimejengwa kukimbiza jua la Agosti. Mwaka wa kwanza nilivaa kanzu juu ya sweta juu ya kanzu. Nilikuwa natoka nje kuota jua kisha narudi ndani kwenye friji. Mama Saida, mkienda kutazama nyumba nendeni Januari, msiende Juni. Ulizeni dirisha la sebuleni linaelekea wapi. Likielekea kusini, chukueni. Magoti ya Baba Saida yatakaa kwenye kile kiti kutwa nzima.

Jingine. NLV ni viza ya kutofanya kazi, na hapo ninamaanisha hata ya kompyuta. Jamaa mmoja aliandika kwenye barua yake kwamba "anasaidiasaidia" kampuni ya zamani kwa intaneti, akadhani anajipamba. Akanyimwa. Wenye kazi za mtandaoni viza yao ni nyingine, ipo tangu 2023. Ile ya kununua nyumba ya nusu milioni ilifutwa Aprili 2025, msitapeliwe.

Na nyumba ya Tanga? Mkikaa huku zaidi ya siku 183 kwa mwaka nyinyi ni walipa kodi wa Hispania kwa mapato ya dunia nzima. Mali za nje zikizidi euro 50,000, kuna fomu inaitwa Modelo 720 ya kuzitaja.

---

Kutoka: Mzee wa Croydon

Kwa hiyo hata kibanda changu cha Kibaha watakihesabu?

---

Kutoka: Baraka, Alicante

Mzee, wewe unahamia Hispania?

---

Kutoka: Mzee wa Croydon

Nauliza tu.

---

Kutoka: Shangazi Mwana, Birmingham

Mama Saida, bima mmeshalipa? Baba Saida akiwa na pensheni ya serikali ya Uingereza ulizia fomu ya S1, inawafungulia hospitali za serikali kule. Shoga yangu wa Torrevieja anaitumia, kafanyiwa hata mtoto wa jicho.

---

Kutoka: Mama Saida, Leicester

Bima tumeshalipa, mwaka mzima, hela imeenda. S1 nitaulizia, asante dada.

Nimezungumza na mdogo wangu Dar. RITA na Wizara yuko tayari kunisimamia, ubalozini pia atapanga foleni. Ila wote wanataka cheti HALISI, hawataki nakala. Na Baba Saida hataki kiende kwa posta. Anasema barua zimempotea za kutosha maisha yake, na hiki ndicho kitu pekee chenye sahihi ya marehemu mama yake kama shahidi. Bado sijajua pia ile tisa iliyokunjika wataisomaje, na kama RITA wakitoa cheti kipya, muhuri unagongwa kwenye kipi, cha zamani au kipya? Baraka, wewe ulikuwa na cheti cha kuzaliwa, sivyo?

Basi, kuna anayesafiri Dar wiki hii au ijayo?

---

Kutoka: Bwana Tanga, Birmingham

Mimi nasafiri Jumamosi lakini mizigo nimejaa, kilo zote 46. Nimeshakataa viatu vya watu wanne.

---

Kutoka: Mama Saida, Leicester

Ni karatasi moja, Bwana Tanga.

---

Kutoka: Bwana Tanga, Birmingham

Mnaanza hivyo hivyo, karatasi moja. Iko ndani ya lile bati la biskuti?