Kwa sababu mimi "nimeolewa, sikuoa", mume wangu atabaki mgeni hadi lini?

Wanajamvi, salaam. Naandika nikiwa na hasira, hivyo mtaniwia radhi nikirefusha maneno.

Nilifanya kazi ya uuguzi Uingereza kwa miaka 29, nikaolewa na Mwingereza, na mwezi Novemba 2022, baada ya sote wawili kustaafu, tukahamia Pangani, kwetu nilikozaliwa. Miaka yote ile sikuchukua uraia wa Uingereza ingawa niliustahili, kwa kuwa nilijua sheria yetu haitambui uraia pacha kwa mtu mzima, na siku ambayo ningeupokea wa kwao ningekuwa nimeupoteza wa kwetu. Wenzangu kazini walinicheka nilipohangaikia viza kila nilipotaka kuvuka kwenda Ufaransa kwa siku tatu. Nilivumilia, nikiamini kwamba pasipoti ile niliyoitunza ingenifaa uzeeni.

Sasa nipo uzeeni, na haijanifaa kwa jambo nililolihitaji kuliko yote. Tulipokwenda katika ofisi moja ya serikali kuulizia utaratibu wa mume wangu kuishi hapa moja kwa moja, kijana aliyekuwa dirishani alituamkia vizuri, akatusikiliza, kisha akasema: "Mama, wewe umeolewa, hukuoa. Aliyeoa ndiye anayeweza kumwombea mwenzake uraia." Nilidhani ananitania. Nilipoisoma Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 nilikuta kijana yule hakukosea sana: mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana haki ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa yake, wakati wowote mumewe akiwa hai, lakini mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hakutajwa. Yeye hupita njia ile ile ya mgeni yeyote asiye na mke hapa, yaani awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua 7. Mume wangu ana miaka 69. Fanyeni hesabu wenyewe.

Kaka yangu wa tumbo moja aliyeoa Mjerumani angeweza kumwombea mkewe uraia wiki ya kwanza ya ndoa. Mimi na yeye tumezaliwa na mama mmoja, katika nyumba moja, na Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi. Basi tofauti kati yetu ni ipi, kama si kwamba yeye anaoa na mimi ninaolewa?

Wapo watakaoniambia kila nchi ina mila zake. Kutoka Tanga hadi mpaka wa Horohoro hazifiki kilomita mia, na ng'ambo ya pili Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa haki ya kuomba uraia mtu yeyote aliyedumu katika ndoa na raia kwa miaka 7, bila kuuliza nani alimwoa nani. Hata Uingereza iliwahi kuwarahisishia wanaume kuwaleta wake zao huku ikiwawekea vikwazo wanawake waliotaka kuwaleta waume, hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipoamua mwaka 1985 kuwa huo ni ubaguzi wa kijinsia. (Serikali yao ilisawazisha mambo kwa kuwabania wote, lakini angalau iliwabania sawasawa.)

Kwao nako hatukusalimika. Pensheni ya serikali yao huongezwa kila mwaka kwa wastaafu waliobaki nyumbani, na hata kwa waliohamia Marekani au Ufilipino, lakini kwa aliyehamia Tanzania hugandishwa pale pale alipoondokea. Mume wangu aliondoka na pauni 185.15 kwa wiki. Kufikia Aprili 2025 mwenzake aliyebaki kule alikuwa anapata 230.25. Kwa hiyo ada za vibali tunazilipa kwa fedha ambazo hazikui, mwaka hadi mwaka.

Linaloninyima usingizi ni kiwanja na nyumba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo hati ina jina langu peke yangu, ingawa nusu ya matofali ni jasho lake. Nikitangulia mimi, yeye atabaki mjane asiye na hati wala kibali, kwa kuwa kibali chenyewe kimeegemea ndoa. Jirani zetu humwita "mkwe wetu" na humpelekea samaki bila kuulizwa. Katika makaratasi bado ni mtu wa kuhesabiwa siku.

Naomba wanawake wenzangu walioolewa na wageni wanieleze: kuna aliyewahi kulipeleka suala hili mahakamani, au aliyepata kibali cha muda mrefu kwa mume mstaafu asiyefanya kazi? Alitumia njia gani, na ilimgharimu muda gani? Cha mume wangu kinaisha mwezi Machi.