Matango ya maji ya chumvi yamenilegea, na nataka kuweka akiba kabla ya masika

MkeWaBaharia, Tudor

Asalaam aleikum jamani. Mume wangu ni baharia. Meli moja aliyofanya kazi ilikuwa na mpishi Mrusi, na huko ndiko alikoonja matango ya chumvi. Yule mpishi alimweleza kuwa kwao matango hujaa mwezi wa saba na wa nane, kisha theluji ikishuka hakuna kinachoota shambani. Basi watu hujaza mapipa na chupa, wakazishusha chini ya nyumba kwenye baridi, wakala mpaka msimu mwingine. Tangu arudi na habari hiyo ananiuliza kama mimi naweza.

Theluji hatuna, lakini masika tunayo. Sasa hivi hapa Mombasa, soko la Kongowea, matango ni ya kumwaga. Mvua ikishika mwezi wa nne, njia za shamba zikiwa matope, yanapungua na bei inapanda.

Nilichukua matango kilo 2, nikayapanga kwenye chupa ya gilasi ya lita 5. Maji ya mfereji lita 2, vijiko viwili vya chumvi, kitunguu thomu, mbegu za shibiti. Nikafunika, nikaweka juu ya friji. Siku ya tano nafungua: utando mweupe juu, harufu mbaya, na tango nikilibonyeza kidole kinazama kama kwenye ndizi iliyopitiliza. Nimekosea wapi?

Kijana wa Likoni

Dada, maji nusu, siki nusu, chumvi kidogo, chemsha umwagie. Mamangu hufanya hivyo karoti na pilipili, na sijaona zikiharibika.

Bi Kibokoni

Waaleikum salaam mwanangu. Pole. Hayo usiyatie mdomoni, yamwage. Tango likishateleza na kunuka halina dawa.

Kosa la kwanza ni chumvi. Vijiko viwili vya chumvi laini ni kama gramu 35. Wewe una lita 2 za maji na kilo 2 za matango, na tango karibu lote ni maji. Chumvi haibaki nje, inagawana na tango. Umeishia na chini ya gramu 10 kwa kila kilo ya vilivyomo chupani, na hiyo ni chumvi ya mchuzi, si ya kuhifadhi. Ule uchachu unaletwa na vijidudu vyema, vinavyokula sukari ya tango na kutoa asidi. Hivyo vinaistahimili chumvi kuliko vile vya kuozesha. Chumvi ikiwa chache, vyote vinaingia kwa mlango mmoja.

Mimi sina mizani jikoni. Namwambia mwenye duka anipimie robo ya chumvi, naikoroga kwenye lita 4 za maji. Hapo ni gramu 62 na nusu kwa lita, na matango yakiwa uzito sawa na maji, chumvi inatulia kama gramu 30 kwa kilo. Hesabu hiyo haijanitupa.

Maji yenyewe je? Ya mfereji chemsha uyapoze, dawa iliyotiwa itoke. Ya kisima usithubutu. Visima vya hapa kisiwani vina chumvi yake tayari, na hujui ni kiasi gani. Nilipoteza dumu zima la pilipili kwa maji ya kisima, mwaka ambao mfereji ulikatika wiki nzima.

Kosa la pili ni siku. Siku tano hizo ulizongoja ni za nyumba ya baridi, nyuzi 18 au 20, ambako kazi inakwenda polepole. Jikoni Tudor mwezi wa pili ni nyuzi 30, na juu ya friji ndipo pabaya zaidi, maana friji inatoa joto. Iweke chini sakafuni, ndani ya sinia, kwa sababu itatoa mapovu na kumwagika. Kila tango lizame. Mimi hukandamiza kwa kisahani na gilasi ya maji juu yake. Kifuniko usikaze, hewa ipate njia. Siku ya pili maji yatageuka kama maji ya kuoshea mchele, na hiyo ndiyo dalili nzuri. Siku ya tatu onja. Likiwa na ukali na bado linakatika kwa mlio, yote friji. Friji ndiyo theluji yetu.

Na kabla ya kupanga, kata ncha ya upande uliokuwa na ua, unene wa ukucha tu. Ncha hiyo ina kitu kinacholilegeza tango zima. Usipoijua ni ipi, kata zote mbili. Mimi huongeza majani mawili ya mpera, ukakasi wake unasaidia tango libaki gumu.

Utando mweupe, bapa, usio na manyoya, uondoe kwa kijiko uendelee. Koga ya kijani, nyeusi au ya waridi, mwaga chupa nzima.

Kijana wa Likoni hakukosea, ila ile ni kazi nyingine. Siki inatia ukali kutoka nje, huku ukali unazaliwa ndani.

Sasa la moyoni. Tango ni mgeni kwetu, joto letu halipendi. Ukitaka akiba ya kukaa mpaka mwaka ugeuke, weka ndimu. Mamangu, Mungu amrehemu, alizipasua nne bila kuziachanisha, akajaza chumvi katikati kwa kidole gumba, nusu robo kwa kilo, akazishindilia kwenye chupa mpaka zikatoa maji yao zikazama. Mdomo alifunga kwa melimeli, chupa ikapanda darini kwenye jua la kaskazi, jioni ikashuka. Mimi ndiye niliyekuwa nikiishusha. Ilikuwa na moto wa kuchoma viganja, naibeba kwa upindo wa kanga, na kila wiki naona ngozi ya ndimu inaacha umanjano inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Ndimu ni kali kwa asili, kwa hiyo kuoza ni vigumu. Ramadhani ikifika nusu kipande tu kinatosha sahani ya wali wa nazi. Hakuna achari ya dukani niliyopata kuila inayofanana na ile.

Mjukuu wa Bondeni

Bi, na mwenye presha? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Kwa hesabu yako gramu 100 za tango ni gramu 3 tayari.

Bi Kibokoni

Kweli kabisa, na umefanya vizuri kusema. Mwenye presha aonje kipande, asile sahani. Na siku hiyo mchuzi wake usitiwe chumvi.

MkeWaBaharia, Tudor

Shikamoo Bi. Nimerudia kwa robo na lita 4, sakafuni. Leo ni siku ya tatu, nimekata moja, limelia! Ndani gumu, kali, na maji yake nimeyanywa kijiko kizima. Mume wangu yuko safarini, nimemrekodia sauti ya kisu kikipita nikamtumia. Atafika mwezi wa sita, mvua ikiwa bado inanyesha. Chupa mbili zimeingia friji, na ya tatu ni ya ndimu, iko dirishani. Niitikise au niiache?

Bi Kibokoni

Marahaba mwanangu. Itikise kila asubuhi, na ndimu inayoelea izamishe. Ngozi ikishakatika kwa kijiko, itakuwa tayari.