Riwaya ya mashairi kwa watoto: niigeuze nathari au niiache? Naombeni ushauri

Kalamu_Nyeusi: Habari zenu wakuu. Nimeandika riwaya kwa mashairi huru, ya watoto wa miaka 10 hadi 14. Msimuliaji ni binti mwenye kigugumizi. Mhariri kaipenda ila anataka niipange kwa aya, eti mzazi akifungua ataona kauziwa karatasi tupu. Nina siku 3 za kumjibu na usingizi sipati. Nifanyeje?

Mzee_wa_Mizani: Haina vina? Basi nathari hiyo tayari, umeikatakata tu. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, mizani 8, yaani silabi 8, kila kimoja, vitatu vya kwanza vina kina kimoja na cha mwisho kinabeba bahari, kile kina kinachofunga kila ubeti mwanzo mwisho. Watu walisimulia vita nzima humo. Mimi darasa la sita nilighani beti 40 mbele ya shule nzima na mpaka leo ninazo kichwani, nyie vijana mnakimbia kazi.

Sichelewi: Mzee kaulizwa kingine. Dada usibadili. Out of the Dust ya Karen Hesse ni mashairi huru mwanzo mwisho, ilitoka 1997 na 1998 ikachukua nishani ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto kule Marekani. Jason Reynolds naye kwenye Long Way Down kamweka kijana ndani ya lifti, sekunde 60 tu, na hadithi inatosha. Mwanangu alikuwa hagusi kitabu, hizo nafasi nyeupe ndo zilimnasa, anamaliza kurasa 10 hajastuka.

Kalamu_Nyeusi: Asante sana. Oneni kipande:

mwalimu ananiita
nisimame niseme jina
m
m
darasa zima
linanisubiri

Nikiliweka kwenye aya kigugumizi kinapotea.

MamaWawili: Hapo koo limenikaba. Lakini dada, hiki umekitunga wewe?

Kalamu_Nyeusi: Nimesema nimeandika.

MamaWawili: Sijauliza hivyo.

Kalamu_Nyeusi: Ni cha binti yangu. Kimo kwenye daftari lake, na vingine kama 11 hivi, mimi nimejenga hadithi kuvizunguka. Hajui. Ila jina nimebadili, na nani atamlinda kuliko mama yake? Halafu mswada ulishaenda.

Sichelewi: Duh. Daftari la mtoto halichukuliwi hivyo dada, hata kwa mapenzi.

Jicho_Pevu_2: Wakuu mnakunywa chai ya moto. Kaanza "nimeandika", sasa "mwanangu", kesho atakuwa jirani. Na kama jina kalibadili, mbona m imebaki? Leta picha ya daftari.

Mzee_wa_Mizani: Hata mimi nanusa tangawizi.

Kalamu_Nyeusi: Picha siweki, nitakuwa nimemvua nguo mara ya pili. Na m ni yake kweli. Hiyo sikuibadili, jina lingine halikukwama vile mdomoni. Ukurasa wa kwanza kaandika kwa penseli nyekundu, mama usisome.

MamaWawili: Basi ongea naye kabla hujamjibu mhariri. Aya au mistari, aseme yeye, hata ikichukua usiku kucha kusema.

Kalamu_Nyeusi: Anarudi saa kumi. Daftari nimeliweka mezani, upande anaokaa yeye.