Tupeane uzoefu: nyumba iliyochukuliwa na benki ikabaki gofu kijijini

Wakuu, habari za leo.

Niko Rungwe, nje kidogo ya Tukuyu. Kitongojini kwetu kuna nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vinne, ambayo mzee mmoja aliijenga kwa hela ya chai na ndizi. Aliiweka dhamana akachukua mkopo wa lori. Lori likafa injini, marejesho yakamshinda, dalali akaja na kipaza sauti. Siku ya mnada tulijaa uwanjani na hakuna aliyetaja bei. Mzee akahamia Chunya kwa mwanawe, na nyumba haijapata mtu mpaka leo.

Mvua za Tukuyu mnazijua. Dari limeoza, magugu yamefika dirishani, mlango wa nyuma umeng'olewa na mabati ya jikoni yanaibwa moja moja usiku. Kinachoniumiza zaidi ni shimo la choo lililotitia, maana watoto wanapita hapo wakienda shule. Kwenu mmefanyaje? Na kwa nini nyumba nzuri namna hii haipati mnunuzi?

Mdau wa Ilula
Mnunuzi hapatikani kwa sababu wanakijiji hawataki kuingia kwenye machozi ya jirani yao. Huku ilikuwa hivyohivyo, hadi akaja mtu kutoka Dar. Yeye haishi hapa, ila msimu wa nyanya anawakodishia wafanyabiashara wanaweka matenga. Angalau mlango unafunguliwa na paa linazibwa.

Mdau wa Makambako
Naomba niongee kama mke. Mume wangu aliweka nyumba yetu dhamana bila mimi kujua. Nililiona tangazo limebandikwa kwenye mti wa sokoni, nikakaa chini palepale. Dada mmoja wa msaada wa kisheria akanionyesha Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 114: nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Nikaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mnada ukazuiwa.

Lakini kesi ilichukua muda mrefu sana. Nikarudi kwa wazazi na watoto, nyumba ikafungwa, wezi wakabeba hadi fremu za madirisha. Nilishinda na kurudi kwenye kuta tupu. Kwa hiyo mkiona gofu, msiseme haraka kwamba mwenyewe ameitelekeza. Huenda kuna mama anazunguka na bahasha ya nakala za hukumu. Na akina dada, ombeni kusoma karatasi kabla ya kusaini, hata kama mume anasema afisa mikopo anasubiri nje.

Mdau wa Mafinga
Mimi nilinunua mnadani, na sijutii. Kwanza nilihakikisha mkopaji alipewa notisi ya siku 60 na kwamba mnada ulitangazwa siku 14 kabla. Pia niliulizia bei za nyumba za jirani. Nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba aliyeuza hakutafuta bei nzuri, na mwenye nyumba anaweza kwenda mahakamani kuomba mauzo yatenguliwe.

Karatasi peke yake haikutosha. Nilimtafuta mwenye nyumba wa zamani, nikaenda na wazee wawili wa ukoo wangu. Tulikaa, ulanzi ukaletwa, akasema yote yaliyokuwa moyoni, na mengine yalikuwa makali. Tukakubaliana misindano aliyoipanda nyuma ya nyumba aje aivune mwenyewe ikikomaa. Kaburi la mama yake lipo pembeni ya shamba, tunalifyekea pamoja. Tangu siku ile majirani walianza kunisalimia. Nakwambia mkuu wa Rungwe, nyumba yenu itapata mtu siku yule mzee wa Chunya atakapofuatwa kwa heshima.

Mdau wa Mbozi
Nimewahi kuwa afisa mikopo. Benki inataka hela yake, nyumba haina kazi nayo, na ikiwa mbali na mjini inasahaulika kabisa. Mtendaji wa kijiji aandike barua kwa meneja wa tawi, aambatanishe picha za choo na mabati yanayoibwa. Waambieni wazi kwamba kila masika dhamana yao inashuka thamani. Hapo ndipo mlinzi hulipwa. Na wenye marejesho yanayosumbua: kabla dalali hajaja, nenda benki uombe kutafuta mnunuzi mwenyewe. Mara nyingi unapata bei nzuri kuliko ya mnada.

Mleta mada
Ndaga fijo, yaani asanteni sana, nimewasoma wote. Mtendaji nimempigia, barua tunaiandika Jumatatu. Choo hatusubiri benki: kesho asubuhi vijana wanakifunika kwa magogo na udongo. Mdau wa Mafinga, huko kwa mzee ulianza kuongea wewe au wazee wako? Nina nauli ya Chunya, ila sitaki kufika pale nikaharibu kwa neno la kwanza.