Ushauri: yungiyungi na nyasi bahari ni familia moja?

Chipukizi_Mikindani: Wadau, naombeni msaada wa haraka. Yungiyungi, lotasi na nyasi bahari, mimea yote inaota majini na inatoa maua. Naweza kuiweka familia moja? Siku ya pili leo sijalala.

Bi_Mwani: Nyasi bahari zina maua? Sisi tunaofunga kamba za mwani juu yake hatujayaona. Mimi bamvua la mwaka jana lilinisombea shamba zima, hata sijapona.

Mwl_Lindi: Hapana. Kuishi majini si ukoo. Yungiyungi ni Nymphaeaceae. Lotasi inafanana nalo kwa sura tu; vinasaba vimeiweka oda (kundi la familia kadhaa) ya Proteales, pamoja na miti ya nchi kavu. Nyasi bahari ziko oda ya Alismatales, familia kadhaa, na licha ya jina si ukoo wa nyasi kama mpunga. Mwani ndio hauna ua wala mbegu. Lakini kinachokukosesha usingizi nini?

Chipukizi_Mikindani: Ni ubao wa shule, mwalimu.

Mwl_Lindi: Umeshaandikwa?

Chipukizi_Mikindani: Umeshaandikwa, rangi ya mafuta. Juu nimeweka "Familia ya Yungiyungi", yote chini yake. Hela ya kikundi imeisha na Jumamosi wageni wanakuja. Ila watoto wa darasa la tano watajuaje? Nilitaka waone tu kwamba bahari nayo inachanua.

Mzee_Rutamba: Mwanangu, wakati wa njaa tulichimba viazi vya yungiyungi ziwani tukapika. Mmea ulikuwa lazima uujue. Usimwandikie mtoto uongo.

Mtega_Dema: Huyu anatunga. Miaka kumi natega tasi kwenye nyasi hizo, ua sijaliona. Chavua inapitaje kwenye maji ya chumvi?

Chipukizi_Mikindani: Situngi, kaka. Tazama zile zenye majani marefu kama mikanda na nywele nyeusi shinani. Maji ya bamvua yakipwa, vijiua dume vyeupe vinakatika chini, vinaibuka na kuelea kama chenga za mchele mpaka vikutane na ua jike. Nimevishika kwa mkono wangu. Ndiyo maana nikaanza ubao.

Mtega_Dema: Mwalimu, kweli?

Mwl_Lindi: Kweli. Hizo ni Enhalus acoroides, familia ya Hydrocharitaceae. Nyasi bahari nyingine nyingi huchavushwa chini ya maji kabisa.

Bi_Mwani: Basi hilo uliloliona ndilo uandike, mwanangu. Nina nusu kopo la rangi nyeupe, lilibaki nilipopaka mlango.

Chipukizi_Mikindani: Ahsante mama, nakuja kesho alfajiri. Mwalimu, nifute yote?

Mwl_Lindi: Kichwa tu. Michoro iache, uitenge sehemu tatu.