Mjadala: Vijana wa Kigoma wakasomee kurusha vidonge vya leza, au tunajidanganya?

Mwandiga_Juu: Wakuu, Desemba 2022 kwenye maabara ya Livermore, Marekani, walipiga kidonge cha hidrojeni cha milimita 2 kwa mionzi 192 ya leza. Megajuli 2.05 za nishati ziliingia, 3.15 zikatoka. Huo ndio myeyungano wa nyuklia, yaani viini vya atomi kuungana na kutoa nishati. Kilichobaki ili tupate umeme ni ufundi: kurusha vidonge kama 10 kila sekunde, kila kimoja kipigwe kikiwa kinaruka. Mkoa usomeshe vijana wachache. Nani anapinga?

Mnyamwezi Halisi: Mimi. Juzi tu mlikuwa mnawashiwa jenereta la dizeli, leo mnataka nyuklia.

Binti Ujiji: "Mnawashiwa"? Gridi tunayo tangu 2022, na mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi unajengwa. Chunga mdomo.

Fundi_Luku: Hizo 3.15 nimezipigia hesabu, hazifiki uniti moja. Leza zenyewe zilivuta megajuli kama 300 kwenye gridi yao, yaani uniti 83. Ulipe 83 usipate hata moja kamili?

Mwandiga_Juu: Leza zile za kizamani. Tuongelee kurusha.

Mnyamwezi Halisi: Kila kitu kinaanzia Tabora. Reli ilitufikia 1912, nyie mkangoja mpaka 1914.

Binti Ujiji: Reli ilikuwa inatafuta ziwa, babu. Kwenu ilipita kunywa maji.

Mwl. Mstaafu: Wanangu, ndani ya kidonge kuna hidrojeni nzito iliyogandishwa, nyuzi 250 na ushee chini ya sifuri. Ukikirusha kwenye chumba chenye moto wa mlipuko uliotangulia, kinaanza kuyeyuka kabla leza haijakifikia. Na kulenga kusipishane hata unene wa unywele. Livermore hawarushi: kidonge kimeshikwa, kimetulia, wanapiga kimoja kimoja.

Mnyamwezi Halisi: Mwalimu, huyu kaniita babu na umenyamaza.

Mwl. Mstaafu: Wewe ulianza na jenereta.

Fundi_Luku: Kumi kwa sekunde ni vidonge 864,000 kwa siku. Kimoja bei gani? Naona kimya.

Dagaa Safi: Wa Tabora endeleeni kutukana, tuone dagaa mtakula za wapi.

Mnyamwezi Halisi: Na nyie asali?

Mwandiga_Juu: Jamani, vidonge!

Binti Ujiji: Kibondo ipo asali. Tena haina sukari ya dukani.