MJADALA: Asembli ya kenali isafishwe, au tuiache ilivyo?

Mkwaju_Chumbageni:
Wadau salaam. Tupo wanne hapa Tanga tunasoma kenali ya Linux, kile kiini cha mfumo kinachoendesha kompyuta, jioni jioni tukitoka kazini, tumefika kule mlangoni, programu inapoita kenali kwa amri ya SYSCALL. Sasa mwenzetu mmoja, kijana kaja juzi tu kutoka Bagamoyo, kaona rejista, vile visanduku vidogo vya ndani ya prosesa, zinasukumwa kwenye steki, rundo la kumbukumbu la kuwekea vitu kwa muda, halafu hapo hapo zinapigwa sifuri kwa amri ya xorl, r8 mpaka r15, kasema huu uchafu, anafuta, na kodi nyingine ya asembli, ile lugha ya amri za prosesa moja moja, anaigeuza lugha ya C yote. Mie nikasema usiguse. Asembli ya kenali ni kama yale magofu ya kwenu, ukichomoa jiwe moja ukuta wote chini. Nyie mnasemaje?

Mpita_Njia:
Nimefungua mbio nikidhani TRA wameleta kodi mpya. Kumbe. Haya endeleeni.

Mtoto_wa_Dunda:
Huyo kijana ndo mimi, na nilikuwepo chumbani wakati unaandika bro, si ungenambia tu? Magofu ya kwetu yapi? Nyumba za Bagamoyo zimeona misafara ya pembe na bado zimesimama, nyie zenu mnabomoa mnaweka fremu za kuuzia kava za simu.

FundiSteki:
Dogo acha fremu, twende kwenye sifuri zako. Januari 2018 yalipotangazwa mashambulizi ya Meltdown na Spectre ikawa wazi kwamba prosesa inakimbia mbele kwa kubahatisha kabla haijajua njia sahihi ni ipi, sasa ikiwa huko mbele inakuta rejista bado ina kitu alichokiacha mtumiaji, mtumiaji mjanja anaweza kuiongoza ikachungulie pasipomhusu. Ndo mwaka huo zikawekwa. Thamani za mtumiaji zipo salama kwenye steki, zile za kwenye rejista zinafutwa makusudi. Wewe ulikuwa unang'oa komeo ukidhani kutu.

Binti_Ngamiani:
Sawa, ila Mkwaju naye asijione kashinda. Hiyo "usiguse" yako ndo inayofuga makosa. 2014 lilipatikana kosa kwenye IRET, amri ya kurudi kwa mtumiaji, kenali ikishtukia hitilafu wakati inarudi kwa mtumiaji inajikuta inatumia GS (rejista inayoonyesha data zake zilipo) ya mtumiaji ikidhani ni yake, mtu wa kawaida akijua anaamka root, mwenye mamlaka yote ya mashine. Lilikaa humo humo kwenye asembli yenye vichochoro. 2015 Andy Lutomirski, mmoja wa waandishi wa kenali, akahamisha sehemu kubwa ya kazi za mlangoni kwenda C, na hakuna ukuta ulioanguka.
Ila yote huwezi dogo. SYSCALL ikipiga, prosesa inaweka anwani ya kurudia kwenye RCX, bendera (alama za hali yake) kwenye R11, na steki haikubadilishii, unaingia kenali na steki ya mtumiaji mkononi. Kompaila ya C, inayogeuza C kuwa amri za prosesa, inategemea steki ya kuaminika ipo tayari. Nani ataiweka? Hapo lazima mtu aandike SWAPGS, amri ya kubadilisha hiyo GS, kwa mkono wake atafute ya kenali.

Mzee_Kaole:
Vijana mnanichosha. Unix, mfumo ambao Linux imefuata nyayo zake, iliandikwa kwa C toka siku ya kwanza na ilikwenda. Na wewe Mkwaju nani kakwambia ukigusa jiwe ukuta unakuja? Zile nyumba ni matumbawe na chokaa, zilikuwa zikiguswa kila mwaka, lipu inapakwa, boriti inabadilishwa. Kinachoziua ni saruji. Chokaa inapumua, ukiifunika na saruji unyevu unabaki ndani, chumvi inakula, siku lipu ikibanduka inaondoka na jiwe.

FundiSteki:
Shikamoo mzee. Unix ilianza kwa asembli ya kompyuta ya PDP-7 mwaka 1969, kenali ikaja kuandikwa upya kwa C 1973.

Mzee_Kaole:
Marahaba. Haya 1973. Lakini ya saruji umenielewa?

Mtoto_wa_Dunda:
Shikamoo mzee wangu, waambie hao. Wamesahau Bagamoyo ndo ilikuwa makao makuu ya Mjerumani.

Mkwaju_Chumbageni:
Mpaka 1891, akahamia Dar. Sie ndo tunaimbwa waja leo waondoka leo, kumbe aliyeondoka ni makao makuu yenu teh teh.

Binti_Ngamiani:
Jamani! Linux yenyewe imeshatupa vingi, prosesa ya 386 ambayo Linus Torvalds alianzia nayo 1991 ilitolewa kwenye toleo la 3.8, 2013, na asembli yake ikapungua. Walijua wanachotoa ni nini. Dogo swali langu kwako ni moja, ulisoma maoni ya pale, yale maelezo waandishi wanayoacha ndani ya kodi? Yapo, kwenye faili ya makro, vile vipande vya kodi vinavyoitwa kwa jina, yameandika kabisa kwamba zinafutwa kwa ajili ya hayo mashambulizi.

Mtoto_wa_Dunda:
...nilikuwa nasoma kwa objdump dada, ile programu ya kuonyesha amri za prosesa. Iliyokwisha kompailiwa. Huko maoni hayaji.

FundiSteki:
Hahahaha aisee. Mtu anafagia nyumba hajaingia ndani.

Mtoto_wa_Dunda:
Cheka tu. Xorl zinabaki, nimekubali. Lakini Mkwaju naye alikuwa hajui ni za nini, alisema tu usiguse kwa sababu anaogopa. Muulizeni.

Mpita_Njia:
Mkwaju upo?

Mkwaju_Chumbageni:
Nipo. Nilikuwa nashuku tu. Mzee Kaole shikamoo, hiyo chokaa siku hizi inapatikana? Nna ukuta wa nyumba ya marehemu babu unamwaga mchanga kila masika.

Mzee_Kaole:
Marahaba mwanangu. Umepigwa lipu ya nini?

Mkwaju_Chumbageni:
Saruji. Nilimlipa fundi mwenyewe.

Mzee_Kaole:
Bandua yote. Halafu njoo tuongee.